Uzamili wa Uuguzi: Njia Nne za Kazi, na Maswali ya Kujiuliza Mapema

Mwananchi afikapo zahanati, mara nyingi wa kwanza kumpokea ni muuguzi. Hata hivyo, si wengi wafahamuo mahali ambapo elimu ya mtumishi huyo yaweza kumfikisha. Nchini Tanzania, ngazi za uuguzi huanzia cheti na stashahada. Kisha hufuata shahada ya kwanza ya miaka minne pamoja na mwaka mmoja wa utarajali. Juu yake ipo shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili, na hatimaye uzamivu.

Mwenye uzamili hufunguliwa njia kuu nne.

Ya kwanza ni ubobezi wa kuhudumia wagonjwa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa mfano, hufundisha uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na wa ukunga na afya ya wanawake. Thamani ya ubobezi huonekana usiku wa dharura. Mama atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kupoteza maisha kwa saa chache tu. Mkunga aliyebobea huitambua hatari mapema, na huwaelekeza wenzake wa zamu.

Ya pili ni ualimu katika vyuo vya afya na vyuo vikuu. Mwalimu mmoja huandaa wauguzi wengi, nao husambaa katika vituo ambavyo yeye mwenyewe hatavifikia.

Ya tatu ni uongozi: usimamizi wa wodi, wa huduma za uuguzi hospitalini, au nafasi ya Muuguzi Mkuu wa Halmashauri. Hapa ndipo hupangwa zamu, husimamiwa ubora wa huduma na kusikilizwa malalamiko ya wagonjwa.

Ya nne ni utafiti na afya ya jamii, ambako muuguzi hufuatilia mwenendo wa magonjwa, hutathmini miradi na kuishauri Serikali au mashirika.

Lakini shahada peke yake haileti cheo. Upandaji daraja hutegemea muundo wa utumishi, bajeti na nafasi iliyo wazi katika ikama. Zahanati ndogo haina wodi ya wagonjwa mahututi. Muuguzi aliyebobea huko aweza kulazimika kuhamia hospitali ya rufaa, na kata ikabaki na pengo. Aliyechagua ukunga, kinyume chake, ana kazi tele katika kituo cha afya kilicho karibu na wananchi.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba chuo, muuguzi ajiulize: Je, anataka kufanya kazi gani, na wapi? Je, fani hiyo inahitajika huko? Je, chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania?

Aliye mtumishi wa umma apate kwanza ruhusa ya masomo kwa maandishi. Aondokaye bila ruhusa huhesabiwa mtoro kazini. Vilevile, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania isiachwe kuisha muda wakati wa masomo.

Wauguzi wanaokusudia kujiendeleza wanashauriwa kuonana mapema na Afisa Utumishi wa Halmashauri, ili masomo yao yaingizwe katika mpango wa mafunzo.