Bakteria wa Fizi na Kukakamaa kwa Ateri

Fizi zenye afya hazivuji damu. Hata hivyo, wagonjwa wengi huzoea kutema mate mekundu kila wapigapo mswaki, na baadhi yao huacha kusugua mahali panapotoka damu. Kwa kufanya hivyo huupa ukoga nafasi ya kukomaa na kuwa ugaga mgumu.

Ugonjwa ukiendelea, fizi huachana na jino na kufanya mfuko mwembamba usiofikiwa na mswaki. Humo hustawi bakteria wasiohitaji hewa, akiwemo Porphyromonas gingivalis. Kwa kuwa ukuta wa mfuko una vidonda, kutafuna chakula tu kwaweza kusukuma bakteria ndani ya damu. Wengi huuawa upesi. Wachache hufika kwenye utando wa ndani wa ateri, na bakteria huyu aliyetajwa anao uwezo wa kupenya ndani ya seli za utando huo. Pamoja na hayo, uvimbe wa kudumu wa fizi huchochea ini kumwaga damuni protini ya CRP, dalili kwamba mwili mzima umo vitani. Lehemu inapojipenyeza katika ukuta wa ateri, chembe nyeupe huimeza na kufia humohumo. Ukuta hunenepa na kukakamaa. Bonge hilo likipasuka, damu huganda juu yake, na hapo ndipo hutokea shambulio la moyo au kiharusi.

Mwaka 2000, watafiti wa Buffalo, Marekani, walichunguza mabonge 50 yaliyotolewa katika ateri za shingo, na katika asilimia 44 walikuta vinasaba vya bakteria wa fizi. Lakini kumkuta mtu katika nyumba iliyoungua hakuthibitishi kuwa ndiye aliyeiwasha moto. Tumbaku na kisukari huharibu fizi na ateri kwa pamoja. Ndiyo maana Shirika la Moyo la Marekani lilitamka mwaka 2012 kwamba uhusiano upo, hata sababu hizo zikizingatiwa, ila haujathibitishwa kuwa chanzo.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa London, mwaka 2007. Watu 120 wenye ugonjwa mkali wa fizi waligawanywa makundi mawili. Waliopata matibabu ya kina walipungukiwa na uwezo wa ateri kutanuka siku ya kwanza, lakini baada ya miezi sita waliwapita waliosafishwa kijuujuu.

Kwa hiyo mhudumu wa kliniki ya shinikizo la damu au kisukari ana sababu ya kuuliza habari za fizi na kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa meno. Mgonjwa naye asibadilishe vidonge vya shinikizo kwa dawa ya kusukutua. Anayetumia aspirini asiiache kwa hiari yake kabla ya kusafishwa meno. Amweleze daktari, naye ataamua.