SOMO LA JUMA: KORESHI ALISHINDA, HALAFU AKAFANYA NINI?

Maandiko ya kusoma: Isaya 45:1-7, Ezra 1:1-11, Danieli 8:3-4, 20



Juma hili tumwangalie mtu ambaye hakuwa Mwisraeli, hakumjua Mungu wetu, na bado Mungu anamwita masihi wake, yaani mpakwa mafuta wake. Ni Koreshi, mfalme wa Uajemi, nchi ambayo leo tunaiita Irani.

Isaya 45 nimeiombea miaka mingi. Kama wengi wetu, nilikuwa nakimbilia pale penye milango ya shaba kuvunjwa na hazina zilizofichwa gizani. Tunaidai sana kwenye kesha, si ndiyo? Lakini nilipokuwa naandaa somo hili nikajiuliza swali ambalo sijawahi kujiuliza: milango ilipofunguka, huyu Koreshi aliingia akafanya nini?

1. Ufalme mdogo uliomeza mikubwa

Mnamo 559 KK Koreshi alikuwa mfalme wa watu wachache tu, kusini-magharibi mwa Irani ya leo, na wakubwa wa eneo lile walikuwa Wamedi. Mwaka 550 KK mfalme wa Wamedi, Astyages, akamwendea kwa vita. Jeshi la Astyages likamwasi bwana wake, likamkamata na kumkabidhi kwa Koreshi. Ndipo Wamedi na Waajemi wakawa chini ya mfalme mmoja. Mmemkumbuka yule kondoo mume wa Danieli 8 mwenye pembe mbili? Pembe iliyoota mwisho ndiyo iliyokuwa ndefu zaidi. Hiyo ndiyo Uajemi.

Kisha akageukia magharibi, nchi ya Lydia, katika Uturuki ya leo, kwa mfalme tajiri Croesus. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, anasimulia kwamba Koreshi alitanguliza ngamia mbele ya jeshi, na farasi wa Lydia waliposikia harufu yao wakageuka kukimbia. Mji mkuu, Sardi, ulizingirwa siku 14. Ukaingiliwa kupitia jabali ambalo hawakuweka mlinzi, kwa sababu waliona hakuna mtu anaweza kulipanda. Ni Sardi ile ile ambayo katika Ufunuo 3 inaambiwa ikeshe!

Mwaka 539 KK ikawa zamu ya Babeli. Tusidanganyane, vita si harusi. Kule Opis, kando ya mto Tigri, watu wengi waliuawa. Lakini Babeli yenyewe jeshi liliingia bila kupigana. Danieli 5 inatuonyesha Belshaza usiku ule akinywea divai katika vyombo vya hekalu la Bwana.

Mwana wa Koreshi, Cambyses, akatwaa Misri mwaka 525 KK. Dario akaja akapanga mikoa na kodi, na barabara ya mfalme kutoka Sardi hadi karibu na Shushani, kama kilomita 2,500, wajumbe wakipokezana farasi. Tukifika kitabu cha Esta tunasoma mikoa 127, kutoka Bara Hindi hadi Kushi.

2. Upanga peke yake haukutosha

Upanga hata Waashuri walikuwa nao. Wao na Wababeli wakikushinda, wanakung'oa kwenu. Koreshi alifanya tofauti. Astyages hakumuua, Herodotus anasema alikaa naye mpaka alipofariki. Kwa Wayahudi akatoa ruhusa warudi Yerusalemu wajenge. Halafu soma Ezra 1 polepole: vyombo vya hekalu vilitolewa, vikahesabiwa, jumla 5,400, vikarudishwa. Mshindi amekaa chini anahesabu vitu vya mtu mwingine ili avirudishe!

Hakuwa malaika. Mwaka 1879 udongo wenye maandishi yake ulichimbuliwa Babeli, na leo uko London. Humo anamshukuru Marduki, mungu wa Babeli, na anasema alirudisha sanamu na watu wa miji mingine pia. Alikuwa na hesabu zake za siasa: mtu aliyerudishiwa nyumba ya ibada haasi haraka. Na kodi ya wafalme wa Uajemi ilikuwa nzito. Nehemia 5 inaonyesha watu wakikopa ili wailipe. Lakini Mungu alikuwa amesema mapema kwamba anamshika mkono, ingawa yeye hamjui.

3. Njia ya kisimani

Sasa wacha niseme langu. Wengine mnakumbuka ushuhuda wangu wa kesi ya shamba. Nilishindana na mtoto wa baba yangu mdogo miaka mingi, nikashinda. Mlinipigia makofi hapa kanisani, nikatoa na sadaka ya shukrani.

Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba mpaka mpya uliacha njia ya kisimani upande wangu. Nikaweka seng'enge. Shemeji yangu akawa anazunguka na mtungi mgongoni, mbali, kila asubuhi, akipita mbele ya geti langu. Na mimi niko ndani nasoma Neno.

Nilipofika kwa vile vyombo 5,400, nilifunga Biblia. Mpagani alirudisha vya watu, na mimi mlokole nimefunga njia ya maji. Kesho yake nikakata seng'enge. Mtoto wao akasimama pale akaniuliza, "Baba mkubwa, ni kweli tunaweza kupita?" Wapendwa, swali hilo liliniumiza kuliko kesi yote. Shemeji sasa anapita. Ndugu yangu bado hajanisalimia, na sina haki ya kumharakisha.

4. Tujifunze nini?

Kwanza, ushindi si cheti cha kwamba uko sawa na Mungu. Koreshi alishinda na hakumjua.

Pili, Mungu anaweza kutushika mkono kwa ajili ya watu wengine. Isaya 45:4 inasema wazi: ni kwa ajili ya Yakobo. Uliza ushindi wako ni kwa ajili ya nani.

Tatu, ufalme hupita. Koreshi alikufa vitani mwaka 530 KK, na miaka 200 baadaye Aleksanda Mgiriki alitwaa vyote. Lakini habari ya vile vyombo bado tunaisoma.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani aliyeshindwa ili wewe ushinde, na leo anaishi vipi?
2. Kuna chombo gani mkononi mwako ambacho si chako?

Tuombe: Baba, tumekuomba ushindi na umetupa. Utupe na moyo wa kurudisha. Mfungue ndugu yangu, na unifungue mimi kwanza. Katika jina la Yesu, amina.