SOMO LA KIKUNDI: Kiingereza cha Mtandao

Vikundi vingi vimetuuliza swali moja: mbona karibu kila kitu kwa intaneti kimeandikwa Kiingereza, na sisi ambao hatukukisoma sana tufanye nini? Tunaomba katibu asome somo hili kwa sauti kikundi kikiwa kimekaa. Mahali watu hawaelewi, asimame aeleze kwa lugha ya nyumbani, iwe Lwisukha, Lwidakho, Lumarama, Lukabras ama nyingine.

Tuanze na kisa. Kikundi kimoja upande wa Shinyalu, akina mama wengi na wazee wachache, kilisikia kuna msaada wa mizinga ya nyuki. Tangazo lilikuja kwa simu, fomu ilikuwa kwa mtandao, na yote yalikuwa Kiingereza. Kijana wa katibu, aliyemaliza Fomu Foo, akaenda saiba mjini Kakamega akaijaza. Kabla ya kuituma alipitia kwa ofisi yetu tuiangalie. Tukaiangalia, tukasema ni nzuri, itume.

Sasa, ndani ya ile fomu palikuwa na maneno "matching contribution", asilimia 20, na kisanduku cha kuweka alama. Kijana alidhani ni mchango unaolingana na uwezo wa kikundi, akaweka alama. Sisi tulipita hapo mbio kwa sababu watu walikuwa wamepanga foleni mlangoni. Kumbe maana yake ni kwamba ukipewa shilingi 600,000, nyinyi wenyewe mtaweka 120,000 kwanza. Benki walikuwa na 31,000.

Barua ya kukubaliwa ilipokuja watu waliimba. Walipoambiwa waweke pesa yao, nyimbo ziliisha. Wengine wakaanza kusema ati mweka hazina alijua akanyamaza. Mama huyo hakupita darasa la tatu, na fomu yenyewe hakuwahi kuiona kwa macho. Alirudisha kitabu cha hesabu akakaa kwake miezi minne bila kuja mkutanoni. Mizinga haikuja. Tulikwenda tukasema mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa letu pia. Siku hiyo ndipo tuliona afadhali tuandike somo hili.

KWA NINI KIINGEREZA?

Intaneti haikuanzia kwetu. Mwaka 1969 huko Marekani, kompyuta za vyuo vichache ziliunganishwa kwa pesa za wizara ya ulinzi ya nchi hiyo. Hata kabla ya hapo, mwaka 1963, walikuwa wamekubaliana namna kompyuta itakavyotambua herufi, na herufi walizochagua zilikuwa za Kiingereza tu. Mfaransa alikosa alama zake, Mwarabu na Mhindi wakakosa kila kitu. Halafu mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha wanasayansi huko Geneva, alibuni ule mpango wa kurasa zilizounganishwa ambao leo tunauita wavuti. Waliotangulia kuandika waliandika kwa lugha yao, na waliofuata wakaandika kwa lugha waliyoikuta.

Hapa mtuvumilie kidogo, maana jambo hili hutuuma. Kiswahili hakikunyimwa herufi. Kila herufi tunayotumia ilikuwamo ndani ya mashine tangu siku ya kwanza. Waliopungua ni watu wa kuandika. Leo karibu nusu ya tovuti zote duniani ni za Kiingereza, ingawa wenye kukizungumza kama lugha ya mama hawafiki mtu mmoja kati ya kumi. Kiswahili, ambacho UNESCO husema kina wasemaji zaidi ya milioni 200, hakipati hata sehemu ndogo ya kuhesabika. Chukua ile kamusi kubwa ya bure iitwayo Wikipedia: ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na bado haijafikisha laki mbili.

Lakini tusikichukie Kiingereza. Mfugaji wa Ethiopia haandiki Kiluhya, wala sisi hatusomi Kiamhari. Tukikutana mtandaoni, tunakutania kwa hiyo lugha ya tatu. Wako majirani zetu wa Muliru, wakulima wa kando ya msitu wa Kakamega. Wanapanda mmea wa dawa badala ya kuutafuta msituni, na wanatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta ya shirika la Umoja wa Mataifa, UNDP. Habari za kikundi hicho zinasomwa na watu wa mbali kwa sababu ziliandikwa Kiingereza. Swali ni kama jirani wa Muliru asiyekijua anaweza kuzisoma.

UKITAFUTA JAMBO

Tuchukue mfano wa kuku, maana nani hana kuku? Ukiandika "kideri" kwa simu, utapata kurasa kiasi. Ukiandika "mdondo", jina ambalo ndugu zetu wa Tanzania hutumia, utapata nyingine ambazo hukuziona. Ukiandika "Newcastle disease" utapata kurasa nyingi mno. Ni ugonjwa ule ule. Newcastle ni mji wa Uingereza ambako ugonjwa huu ulitambuliwa miaka ya 1920, ndiyo sababu kuku wa Malava anakufa kwa ugonjwa wenye jina la mji ambao hajapata kuusikia.

Kwa hivyo kikundi kiwe na daftari la majina. Upande mmoja andikeni jina la nyumbani, katikati la Kiswahili, upande wa mwisho la Kiingereza. Muulizeni afisa wa kilimo au wa mifugo awape hilo la tatu, naye atafurahi kuulizwa. Gugu linaloharibu mahindi, ambalo wengi hapa huita kayongo, kwa Kiingereza ni "striga". Njia ya kulipunguza kwa kupanda desmodiamu katikati ya mahindi ilitafutiwa hapa karibu, Mbita, kando ya ziwa letu, na watafiti wa ICIPE wakishirikiana na wenzao wa Uingereza. Ripoti za utafiti huo zimeandikwa Kiingereza. Bila lile neno moja, mlango ni mgumu kufunguka.

Ziko pia programu za kutafsiri kwa simu, za bure, na Kiswahili kimo. Zitumieni kwa kupata maana ya jumla, lakini kwa mambo ya pesa msiziamini peke yake. Neno "interest" linaweza kuwa hamu, linaweza kuwa riba. "Security" kwa mazungumzo ya kawaida ni usalama, lakini kwa karatasi ya mkopo ni dhamana, yaani ng'ombe wako au hati ya shamba. Mashine ikikosea hapo, wewe utafikiri wanakuletea askari wa kulinda kumbe wanakuja kuchukua ng'ombe.

KABLA YA KUBONYEZA

Neno "Submit" maana yake ni peleka. Ukilibonyeza, fomu imekwenda. "I agree" ni nimekubali, na kwa sheria kukubali huko kunaweza kukufunga kama sahihi yako. Kwa hivyo asiwepo mtu mmoja wa kujaza fomu ya kikundi, hata akiwa na digrii. Aketi kijana anayejua Kiingereza, aketi mweka hazina, aketi na mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza tu. Kijana asome mstari, aueleze kwa lugha ya nyumbani, na mzee arudie alichosikia. Kama anayorudia hayafanani na yaliyoandikwa, msisonge mbele. Palipo na namba au asilimia, someni mara mbili na mweka hazina aandike daftarini. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo. Ile fomu ya mizinga ingehitaji kama saa mbili hivi.

Tena, ulizeni Kiswahili. Kipengele cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza vyote viwili ni lugha rasmi. Huduma za serikali zimeendelea kuhamia eCitizen, iliyoanza mwaka 2014, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa huko. Si utovu wa adabu kumwambia afisa, "Mheshimiwa, kikundi chetu kinaomba maelezo haya kwa Kiswahili." Andikeni barua, wekeni mhuri, na mbaki na nakala. Jambo hili linawezekana. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, humruhusu mtu kuchagua Kiswahili kwa simu yake, na nyanya zetu wengi wanaitumia bila kuitia mjukuu.

Yule mama mweka hazina amerudi kazini. Alikubali kwa sharti moja, kwamba hakuna fomu itakayotumwa kabla hajasomewa yote. Mwezi uliopita alikataa moja, vijana wakanung'unika, na mpaka leo hatujui kama alikosea.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kikundi chetu kimewahi kutia sahihi au alama mahali ambapo hatukuelewa? Nani alijua, na nani hakuulizwa?

2. Ni mtu gani kati yetu anayeogopa kusema "sijaelewa" mbele ya vijana? Tunamfanyaje asiogope?

3. Kabla ya mkutano ujao, kila mtu alete jina moja la ugonjwa, mdudu au gugu kwa lugha ya nyumbani. Tulitafute pamoja kwa simu ya mmoja wetu, kwa majina yote matatu, na katibu aandike ni lipi lilileta jibu.