Kiuno cha Kromosomu

Mkulima, kila seli ya kawaida ya mwili wa mmea wako wa mahindi ina kromosomu 20, yaani nyuzi za urithi. Kila uzi una kiuno. Seli igawanyikapo, uzi hukamatwa kiunoni ukavutwa upande wake. Usipokamatwa vizuri, seli moja hupungukiwa, na mmea waweza kukosa mbegu.

Kiunoni mwa mahindi aghalabu mna neno la DNA la herufi 156 hivi, lililorudiwa mara nyingi. Katika maharagwe yamo mengine mawili: kromosomu nyingine zina la herufi 99, nyingine la 110. Maneno hayo hugeuka upesi vizazi vipitapo, lakini kazi haigeuki. Ni kama mpini: mti wowote, mradi ushike jembe.

Basi gunzi likijaa punje, jua viuno vimeshika.