Mweleze daktari pia habari za siku zako za furaha

Bwana mmoja mwenye umri wa miaka 36, karani katika afisi moja jijini, anaingia kliniki akiwa amejikunyata. Amekonda. Anamwambia daktari kwamba kwa miezi miwili hajaona ladha ya chakula wala raha ya watoto wake. Huamka saa tisa za usiku akakodolea dari macho hadi kunapokucha, na kazi iliyokuwa ikimchukua muda mfupi sasa inamshinda kutwa nzima. Kichwa kinamgonga, mgongo unamuuma. Nje wagonjwa wengine wamejaa benchi wakingoja. Daktari anaandika kwamba ni huzuni nzito, anampa dawa ya kuiondoa, na bwana huyo anakwenda zake.

Jambo ambalo hakulisema, na ambalo hakuulizwa, ni kwamba mwaka uliopita mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kwa majuma matatu hivi alikuwa akilala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka akiwa mkakamavu kama aliyelala usiku kucha. Alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo cha kazini, akaongezea mikopo ya simu, akanunua matatu mbili kuukuu ili aanzishe kampuni ya usafiri. Alizungumza mfululizo hata wenzake wakakosa nafasi ya kutia neno. Alimtukana mkubwa wake mbele ya watu. Kwake yeye hizo zilikuwa siku njema, na ni nani aendaye hospitali kulalamika kwamba ana furaha?

Bwana huyu si mtu mmoja tunayemjua. Tumemtunga kutokana na mambo yanayowapata wengi. Lakini kisa chake ndicho somo letu la juma hili. Maradhi yaliyomshika huitwa baipola, yaani maradhi yenye ncha mbili: ncha ya huzuni kubwa na ncha ya mchangamko uliopita kiasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 ulimwenguni walikuwa nayo. Wala si maradhi ya kisasa yaliyoletwa na maisha ya mjini. Mwaka 1854 madaktari wawili Wafaransa, Jules Baillarger na Jean-Pierre Falret, walieleza kila mmoja kwa njia yake kwamba kuna wagonjwa ambao huzuni na mchangamko hupokezana ndani ya mtu mmoja.

Ncha ya huzuni wasomaji wengi wanaijua, kwa hivyo hatutakaa hapo sana. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi mtu amekuwa mnyonge karibu kila siku, hapendi alichokuwa akikipenda, usingizi na hamu ya chakula vimeharibika, anajiona hafai, au anawaza kifo, hiyo si huzuni ya kawaida ya kufiwa au kukosa karo.

Ncha ya pili ndiyo inayopotosha watu. Wengi wetu tukisikia habari za wazimu tunafikiria mtu anayeokota makaratasi barabarani. Hatumfikirii jirani aliyevaa suti, anayecheka na kila mtu, anayenunulia baa nzima vinywaji na kuwapa watu ahadi za mamilioni. Mtu huyo mawazo yake hukimbia, akirukia jambo hili kabla hajamaliza lile. Hujiona ana uwezo usio na mpaka. Hutumia pesa ovyo, huingia katika mapenzi ambayo kwa siku za kawaida angeyakimbia, huendesha gari kana kwamba barabara ni yake. Akipingwa hukasirika mara moja. Akizidi sana huweza kusikia sauti au kuamini kwamba ametumwa na Mungu kuiongoza nchi, na hapo ndipo jamaa husema amepagawa au amerogwa, wakaanza safari za kwa waganga na maombi ya kutoa mapepo huku siku zikiyoyoma.

Mtu atauliza: basi kila mwenye furaha ni mgonjwa? La hasha. Mtu akipata kazi mpya au akioa, furaha ina sababu yake, na usiku anapochoka analala. Ishara ambayo mwandishi wa makala haya angependa kila nyumba iikumbuke ni usingizi. Anayekosa usingizi kwa mawazo au kwa kelele za jirani huamka amechoka na anautamani. Aliye katika ncha ya juu hautamani. Analala kidogo sana na bado nguvu zinambubujika. Ikiwa hali hiyo, pamoja na hayo mengine tuliyoyataja, imeendelea kwa juma zima, au kwa muda wowote ule iwapo imebidi alazwe hospitalini, wataalamu huihesabu kuwa mchangamko kamili wa ugonjwa. Iko pia aina nyepesi ambayo huenda ikachukua siku nne tu, isimharibie mtu kazi wala kumtoa akilini. Pengine humfanya aonekane hodari zaidi. Hii nyepesi ndiyo isiyosemwa kliniki hata kidogo, na mwenyewe huikumbuka kama wakati wake bora maishani.

Wakati mwingine ncha mbili hukutana kwa pamoja. Mtu ana majonzi na kujichukia, lakini papo hapo mwili na mawazo vinakimbia, hawezi kutulia. Hali hii ni ya hatari sana, kwa kuwa wazo la kujidhuru limepata nguvu za kutendeka.

Maradhi haya aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, lakini si ajabu kumkuta mtu wa miaka 35 au 45 ambaye ndiyo kwanza anaambiwa jina lake. Miaka yote hiyo watu walimwita mwenye kiburi, mlevi, mfujaji au mwenye kigeugeu. Akiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye na maradhi hayo, ni lazima daktari aambiwe, kwani hufuata damu kwa kiasi fulani. Kwa upande mwingine, mtu ambaye hajawahi kuwa na lolote la namna hii, kisha akachangamka kupita kiasi kwa mara ya kwanza baada ya kupita miaka 40 au 50, asibandikwe jina la baipola upesi. Daktari anapaswa kutazama kwanza tezi ya shingoni, virusi vya Ukimwi, kaswende, uvimbe kichwani, na dawa anazotumia, hasa zile za jamii ya steroidi. Miraa, muguka, bangi na pombe pia huweza kuiga maradhi haya au kuyachochea. Mgonjwa akivificha, matibabu yatapotea njia.

Turudi kwa karani wetu. Kwa nini ni muhimu daktari ajue habari za matatu mbili? Kwa sababu dawa ya kuondoa huzuni ikitolewa peke yake kwa mwenye baipola yaweza isimfae, na yaweza kumtoa shimoni na kumrusha juu ya dari. Mkewe atasema dawa imemponya; baada ya majuma mawili atakuwa akimtafuta mume ambaye ameuza friji. (Anayetumia dawa hiyo sasa asiikatize kwa sababu ya makala haya. Arudi kwa daktari aliyemwandikia.)

Kwa hivyo kabla ya kwenda kliniki, chukua kalenda ya mwaka jana na ya mwaka huu. Tia alama miezi uliyokuwa chini, na miezi uliyokuwa ukilala kidogo bila kuchoka. Taarifa ya benki na ujumbe wa pesa kwenye simu husaidia sana hapa, maana hesabu hazisahau. Andika mikopo, kazi ulizoacha kwa ghadhabu, safari za ghafla. Halafu nenda na mtu anayekuona kila siku: mke, mume, dada, hata rafiki mnayeishi naye. Mgonjwa huijua huzuni yake vizuri kuliko mtu yeyote, lakini habari za mchangamko wake huwa kwa wale waliomwona. Iwapo daktari hakuuliza, mwambie mwenyewe: "Daktari, kuna wakati nilikuwa kinyume cha hivi." Maneno hayo machache yanaweza kubadili kabisa anachokiandika.

Mahali pa kuanzia si lazima pawe Mathari. Hospitali hiyo iliyo kando ya barabara ya Thika ilifunguliwa mwaka 1910, na tangu hapo jina lake limekuwa tusi la mitaani. Watoto wanaambiana "umetoroka Mathari" hata hawajui wanachosema. Hili limewazuia watu wengi kupata nafuu. Ukweli ni kwamba wengi wanaotibiwa huko huja asubuhi, humwona daktari na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kadhalika Hospitali Kuu ya Kenyatta, ile ya Moi mjini Eldoret na hospitali kadhaa za kaunti hutibu maradhi ya akili, na daktari au afisa wa kliniki wa karibu nawe anaweza kukuandikia barua ya kukupeleka mbele.

Wapo wanaoogopa sheria na kazi. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na inatambua haki ya mgonjwa kupata bima ya matibabu bila kubaguliwa kwa ajili ya maradhi yake. Na wale waliokuwa wakificha jamaa aliyejaribu kujiua kwa kuhofu polisi wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa hatia, kinakiuka Katiba. Mtu akisema anataka kufa, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu zilizo karibu naye, na umpeleke kitengo cha dharura cha hospitali yoyote. Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari ya simu isiyolipiwa, 1199.

Matibabu yapo na yanafanya kazi. Mwaka 1949 daktari wa Australia aitwaye John Cade alitoa ripoti kwamba chumvi za lithiamu ziliwatuliza wagonjwa waliokuwa wamechangamka kupita kiasi. Hadi leo dawa hiyo ni miongoni mwa bora zaidi za kuzuia maradhi yasirudi, na uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba hupunguza hatari ya mgonjwa kujiua. Lakini haitaki mchezo. Kiasi chake katika damu hupimwa takriban saa 12 baada ya kumeza, mara kwa mara mwanzoni, kisha kila baada ya miezi michache. Figo na tezi ya shingoni pia hupimwa. Anayeitumia anywe maji ya kutosha na asipunguze chumvi ya chakula kwa ghafla. Akiharisha au kutapika, amwone daktari mapema. Asinunue dukani vidonge vya maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki bila kuuliza, kwani huongeza lithiamu mwilini. Akianza kutetemeka sana, kuyumba au kusema kwa ulimi mzito, hiyo ni dharura. Mwislamu anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake majuma kadhaa kabla.

Kuna dawa nyingine, na daktari huchagua kulingana na mtu. Moja tunayopenda kuitaja ni sodiamu valproate, ambayo hutumiwa pia kwa kifafa. Huweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hivyo mwanamke anayeweza kushika mimba aulize kama ipo nyingine ya kumfaa. Asiiache ghafla, lakini asikae bila kuuliza.

Jambo linalowashinda wengi si kuanza dawa bali kuendelea nayo wakati wamepata nafuu. Mtu anajiona mzima, anaziacha, na kwa miezi michache hakuna kinachotokea, kisha yanarudi. Zaidi ya dawa, mgonjwa anahitaji kulala na kuamka kwa saa zile zile. Zamu za usiku zinaweza kumwangusha, na vivyo hivyo makesha ya kanisani ya siku tatu mfululizo na matanga yanayokesha. Mtu anaweza kumlilia marehemu mchana akalala usiku, na jamaa wenye busara watamruhusu.

Nyumba nyingine zimefanya jambo ambalo tunalipenda. Wakati mgonjwa ana akili timamu, wanaketi pamoja na kuandika kwenye karatasi moja: dalili zake za mwanzo ni zipi, nani atampigia daktari simu, nani atashika kadi ya benki na nambari ya siri ya simu, na hospitali gani anaipendelea. Anatia sahihi mwenyewe. Karatasi hukaa mahali panapojulikana na watu wazima wa nyumba hiyo, na ikitokea amelala kwa muda wa saa tatu tu, siku mbili mfululizo, wala hana uchovu, huitoa asubuhi hiyo hiyo bila kungoja ya tatu.