Dokezo la fundi lina thamani gani?

Mtaalamu wetu wa usimamizi wa maarifa kazini anajibu maswali kuhusu wiki na mifumo mingine ya kuandika pamoja mtandaoni ndani ya kampuni kubwa.

Swali: Kila tawi letu lina kundi la WhatsApp, na tukiulizana tunajibiana palepale. Mfumo mwingine wa nini?

Kundi humsaidia aliyeuliza leo. Aliyeajiriwa juzi, akikwama palepale baada ya miezi minane, jibu halioni. Limefunikwa na salamu za Ijumaa na picha za harusi. Wiki ni ukurasa ambao kila mwenye ruhusa huufungua, huusahihisha na kuuongezea, na kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya. Ward Cunningham, Mmarekani aliyeweka wiki ya kwanza mtandaoni mwaka 1995, alilitoa jina hilo katika Kihawaii, lenye maana ya haraka. Haraka hiyo ni ya kuandika. Faida huja polepole.

Swali: Mkurugenzi wetu anataka kuiona faida kwa shilingi. Nimwambie nini?

Msimulie habari za mafundi wa Xerox. Katika miaka ya 1980, Julian Orr, mwanaanthropolojia wa kituo cha utafiti cha kampuni hiyo huko Palo Alto, California, alifuatana na mafundi wa mashine za fotokopi kazini. Walikuwa na vitabu vya mwongozo: ukiona alama hii, fanya hivi. Lakini mashine ziliharibika kwa namna ambazo kitabu hakikuzitaja, na kilichowaokoa mafundi ni masimulizi waliyopeana wakila pamoja. Mhasibu angeyaita soga. Mimi nayaita shule, na ndiyo shule ambayo kampuni nyingi hazijui kuwa zinayo.

Katika miaka ya 1990 Xerox ikajenga mfumo ulioitwa Eureka. Fundi aliandika dokezo fupi: dalili, chanzo, tiba. Mafundi wenzake walilipima kwanza, ndipo likatolewa kwa wote. Ufaransa, mafundi waliupata kwa Minitel, vile vituo vyenye skrini vilivyounganishwa na simu, hata kabla intaneti haijaenea.

Thamani ya dokezo la namna hiyo ni kazi linayoiokoa, kwa hiyo usimpelekee mkurugenzi idadi ya kurasa. Chagua hitilafu moja inayojirudia. Hesabu saa zinazotumika, safari za kurudi kwa mteja, na spea zinazobadilishwa bure. Hesabu tena baada ya dokezo kusambaa. Tofauti hiyo ndiyo fedha, na mhasibu wako ataielewa bila mkalimani.

Swali: Mfumo tunao, watu hawaandiki. Tuwalipe kwa kila ukurasa?

Hapana. Kule Xerox wazo la kulipa lilizungumzwa, mafundi wakaona bora dokezo libebe jina la mwandishi. Ukilipa kwa ukurasa utapata kurasa nyingi zisizo na kitu. Jina humfanya mtu apime neno lake, maana wenzake watalijaribu kesho.

Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo fundi mkongwe wa jenereta aliyakuta maelezo yake yamechapishwa kwa jina la meneja. Hakulalamika. Hakuandika tena, na vijana waliomheshimu nao wakaacha. Bado linaniuma, kwa sababu aliyoyajua yule mzee hayamo katika kitabu chochote.

Na tafadhali, waacheni waandike Kiswahili. Karakana nyingi huongea Kiswahili halafu zinadaiwa ripoti ya Kiingereza. Fundi aliyeeleza hitilafu kwa dakika mbili kwa mdomo anaishia kuandika mistari miwili isiyosaidia.

Swali: Mtu akiandika kosa?

Mpeni mkaguzi aliye fundi, wala si ofisa wa makao makuu. Tarehe ya dokezo nayo ionekane.

Swali: Tununue mfumo gani?

MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, haina ada. Ipo pia ya kulipia, kama Confluence. La muhimu ni ufunguke kwenye simu ya fundi aliye juu ya ngazi.

Swali: Tuanzie wapi?

Kwa yule anayestaafu mwaka huu. Mketishe asubuhi tatu na kijana mmoja mwenye mkono mwepisi wa kuandika. Mzee asimulie mashine zilizomsumbua, kijana aandike, kisha mzee asomewe na asahihishe. Jina la mzee liwe juu ya ukurasa.