Mpango wa kaunti wa miaka mitano unahusiana vipi na simu yako?

Mteja wetu, ukisikia "mpango wa maendeleo wa kaunti" pengine unasema hayo ni ya wakubwa huko Wote. Hebu tuyaangalie kwa jicho la mkulima wa maembe wa Mukuyuni, Makueni.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka mitano. Tulianza na wa 2013 hadi 2017, ukafuata wa 2018 hadi 2022, na huu wa sasa unaisha 2027. Sheria hiyo hiyo inakataza pesa za umma kutengwa nje ya mipango. Yaani kama barabara yenu haimo, kelele za baadaye hazisaidii sana.

Sasa turudi kwa maembe. Msimu ukifika yanaiva yote kwa mpigo, mabroka wanaingia na malori, bei inaporomoka. Mkulima mmoja hawezi kujenga kiwanda. Mwenye mtaji naye haleti pesa zake mahali pasipo na barabara, maji na stima. Ndipo kaunti ikajenga kiwanda cha kusindika matunda kule Kalamba, kilichoanza kazi 2017. Kinasaga maembe kuwa rojo linalouzwa kwa watengenezaji wa juisi. Umma umejenga, kampuni binafsi zinanunua, mkulima analeta mzigo. Lakini tusidanganyane: kiwanda kimoja hakimalizi maembe ya kaunti nzima, na embe likiozea njiani hakuna anayelilipia. Kwa maoni yetu, barabara ya kutoka shambani ni muhimu sawa na mashine yenyewe.

Makueni inasifika kwa kuwasikiliza wananchi. Mikutano huanzia vijijini, mapendekezo yakapanda hadi kwenye wadi, ambazo ni 30, kisha kaunti ndogo, kisha kaunti. Miradi nayo huwa na kamati ya wananchi inayokagua kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Usipofika barazani, kisima kitaenda kijiji cha jirani, na hutakuwa na wa kumlaumu.

Simu inaingia wapi hapo? Mwaka 2017 Hazina ya Taifa iliuza hati fungani ya M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka bila kodi, pesa zikiwa za miundombinu. Mtu aliweza kuikopesha serikali akiwa kibandani kwake. Kabla ya hapo hati fungani zilikuwa za wenye mifuko minono.

Hata bila hati fungani, kuna la kufanya. Ukiuza maembe, pokea malipo kwa till ya biashara badala ya kuchanganya na pesa za nyumbani. Taarifa ya miezi kadhaa ni ushahidi ambao sacco au benki inaweza kuusoma, na chama chenu cha ushirika kinaweza kuutumia kujadiliana bei na mnunuzi mkubwa.

Na ushuru wa soko? Lipa kwa nambari rasmi pekee. Huduma za serikali ya kitaifa hulipiwa paybill 222222. Ya kaunti iulizie ofisini. Pesa uliyotumia mtu binafsi haiingii kwenye bajeti ya barabara yenu. Kabla ya kubonyeza, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa la mtu, katisha.